Sura ya Sita: Kuchangia Jambo Ambalo Halijatokea

Jamii za Afrika Mashariki zina uzoefu mkubwa wa kuchangishana, na uzoefu huo una kanuni ambazo karibu kila mtu mzima anazijua bila kufundishwa. Kamati ya harusi husambaza kadi na kufuatilia ahadi hadi wiki ya mwisho; umoja wa kufa na kuzikana hutoza ada kila mwezi na kumpiga faini mwanachama asiyefika msibani; kanisani, jogoo na mkungu wa ndizi vilivyotolewa sadaka hunadiwa nje baada ya ibada na kununuliwa kwa bei ambayo sokoni hakuna ambaye angeilipa; na nchini Kenya harambee ilijenga shule na zahanati nyingi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Katika yote hayo mchangiaji huona kwa macho kile alichokitolea fedha, awe ni bibi harusi ukumbini, jeneza lililofunikwa vizuri au ukuta uliofika kwenye linta. Mchango wa kuwakinga vijana na VVU, yaani virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili na ambavyo visipodhibitiwa kwa dawa humfikisha mtu kwenye UKIMWI, hauna kitu cha namna hiyo. Ukifanikiwa, hakuna kinachotokea: binti aliyekuwa na miaka 15 anafika miaka 25 akiwa hana maambukizi, na hakuna awezaye kuthibitisha ni shilingi ya nani iliyomfikisha huko. Ugumu wa kuchangisha kwa ajili ya kinga unaanzia hapo, wala hautokani na uchoyo wa watu kama waandaaji waliovunjika moyo wanavyopenda kudai.

Historia ya janga lenyewe inaeleza kwa nini fedha za jamii zilielekea kwa wagonjwa na kwa marehemu kabla ya kuwafikia vijana wazima. Nchini Tanzania wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Uchunguzi uliofanyika mwaka 1987 katika mji wa Bukoba ulikuta maambukizi kwa asilimia 24.2 ya watu wazima waliopimwa, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanne, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwepo na hospitali haikuwa na la kumpa mgonjwa zaidi ya nafuu ya siku chache. Kilichohitajika nyumbani kilijulikana na kila jirani: uji, sabuni, shuka za kubadilisha, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali na kumrudisha, na mwishowe mbao na sanda. Jijini Kampala, mwaka huohuo wa 1987, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO, ambalo chimbuko lake ni kundi dogo la watu walioguswa na ugonjwa waliokutana kufarijiana kabla ya kuwa na ofisi wala mfadhili. Miaka miwili baadaye, kwa juhudi za Theresa Kaijage na wenzake, ilianzishwa WAMATA jijini Dar es Salaam, nayo ikawaendea wagonjwa, wajane na yatima majumbani mwao.

Mzigo wa mazishi uliifyonza jamii kuliko mzigo mwingine wowote. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanyika Kagera kati ya mwaka 1991 na 1994, kwa ushiriki wa Benki ya Dunia, ulionesha kwamba kaya zilizofiwa zilitumia fedha nyingi zaidi kwa mazishi kuliko zilizotumia kumtibu marehemu alipokuwa hai. Msomaji wa mbali anaweza kuliona hilo kama upotofu, lakini anayeijua jamii hiyo ataelewa kwamba mazishi yalikuwa na chombo cha kuyabeba ilhali matibabu hayakuwa nacho. Katika Nyakatoke, kijiji kidogo cha Wahaya chenye kaya zipatazo 120 ambacho wachumi walikichunguza mwaka 2000, vikundi vya kuzikana vilikuwa na uanachama unaojulikana, michango iliyokubaliwa na kanuni zinazotekelezwa, kiasi kwamba familia iliyofiwa haikuhitaji kuomba, kwa kuwa msaada wa kikundi ulikuwa haki yake. Hakuna kikundi cha aina hiyo kilichoundwa kwa ajili ya binti ambaye bado hajaambukizwa, kwa sababu kikundi cha kuzikana huamshwa na kilio, na binti huyo halilii lolote.

Hata hivyo Kagera haikukaa ikisubiri. Katika mji wa Bukoba kiwango cha maambukizi kilishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na asilimia 13.3 mwaka 1996, na ingawa vifo vyenyewe viliipunguza hesabu hiyo, kushuka kulionekana zaidi kwa wanawake vijana, jambo linaloashiria kwamba maambukizi mapya yalikuwa yakipungua. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kinga huanza siku mradi unapozinduliwa, maana mabadiliko hayo yalitokea kabla ya mabilioni ya misaada ya kimataifa ya karne hii, miongoni mwa watu waliokuwa wamezika sana na ambao wazazi wao, viongozi wao wa dini na walimu wao walikuwa wameanza kuutaja UKIMWI waziwazi.

Kwa sasa hatari imewaelemea vijana, na miongoni mwa vijana imewaelemea zaidi wasichana. Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, UNAIDS, lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 wasichana na wanawake wapatao 4,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa kila wiki duniani, na kwamba 3,100 kati yao walikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Sababu za kimaumbile zipo, kwa kuwa mwili wa msichana ambaye hajakomaa huambukizwa kwa urahisi zaidi, lakini hazitoshi kueleza tofauti kubwa iliyopo kati yake na kijana wa kiume wa rika lake. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na umri na fedha za mwanamume anayekutana naye: mwanamume mwenye miaka 35 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa miaka 18, na ndiye mwenye uwezo wa kulipa nauli, kununua simu, kuleta chakula na kuahidi ada ya shule. Watanzania walimpa mtu huyo jina la fataki kutokana na kampeni ya redio iliyoanza mwaka 2008, na jina hilo limebaki midomoni mwa watu hata baada ya vipindi vyenyewe kwisha.

Anayetaka kuchangisha fedha kwa ajili ya vijana hawa anapaswa kwanza kutenganisha vitu ambavyo jamii haiwezi kuvinunua na haina haja ya kuvinunua, na vile ambavyo pasipo jamii havinunuliwi na mtu. Kondomu, vitendanishi vya kupimia, tohara ya kitabibu kwa wanaume, ambayo majaribio yaliyofanyika Kisumu, Rakai na Afrika Kusini yalionesha kuwa hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, pamoja na dawa kinga, yaani dawa anayotumia mtu asiye na maambukizi ili virusi vikiingia mwilini visipate pa kuota, ni vitu vinavyoagizwa kwa shehena na serikali pamoja na mashirika makubwa, na kamati ya kata ikijaribu kuvinunua itapoteza fedha zake. Kinachokosekana mara kwa mara ni hatua ya mwisho. Zahanati ina dawa, lakini nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni sawa na chakula cha siku mbili. Mwelimishaji rika, yaani kijana aliyefunzwa kuzungumza na vijana wenzake, yupo tayari kufanya kazi, lakini baada ya miezi mitatu ya kujitolea bila hata hela ya vocha anatafuta kibarua. Msichana anakosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hana taulo za kike, au anaacha kabisa kwa sababu sare imechanika na mwalimu amemrudisha nyumbani.

Mafunzo peke yake hayazibi pengo hilo, na ushahidi wake ulipatikana Tanzania kwa gharama kubwa na kwa uaminifu wa kupongezwa. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, 10 zikiupata na 10 zikibaki za kulinganishia, ukifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi, ukiwazoesha wahudumu wa zahanati kuwapokea vijana bila kuwakemea, na ukisambaza kondomu kupitia vijana wenyewe. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walirudi na kuwapima vijana 13,814, wakakuta kwamba ujuzi wao ulikuwa umeongezeka na kubaki, na baadhi ya mitazamo yao kubadilika, lakini maambukizi ya VVU hayakuwa yamepungua kuliko katika jamii ambazo hazikupata mradi. Matokeo hayo hayakupokelewa kwa furaha, lakini yaliwafundisha wachangishaji jambo la msingi: semina, hata ikiendeshwa vizuri na watu wanaojali, haimpi msichana njia ya kukataa fedha anazozihitaji.

Tafiti zilizogusa fedha zenyewe, au vitu vinavyonunuliwa kwa fedha, zilitoa picha tofauti. Magharibi mwa Kenya, katika shule za msingi 328, watafiti walilinganisha shule zilizopewa sare za bure kwa wanafunzi na shule ambazo walimu wake walifunzwa kufundisha mtaala wa taifa wa UKIMWI. Sare peke yake, kitu ambacho mwandalizi wa kampeni ya afya huenda asikifikirie kabisa, ilipunguza idadi ya wasichana walioacha shule, walioolewa na waliopata mimba wakiwa wadogo. Mtaala peke yake haukupunguza mimba wala magonjwa ya ngono. Na palipokuwa na vyote viwili, maambukizi ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, ambavyo huenea kwa njia ileile ya VVU, yalipungua. Nchini Malawi, wilayani Zomba, wasichana waliokuwa shuleni walipewa dola kati ya moja na tano kila mwezi mikononi mwao wenyewe, na wazazi wao wakapewa fungu jingine; baada ya miezi 18 kiwango cha VVU miongoni mwao kilikuwa asilimia 1.2, kikilinganishwa na asilimia 3.0 kwa wasichana wenzao ambao hawakupewa. Katika vijiji vya Kilombero na Ulanga nchini Tanzania, watu wenye umri wa miaka 18 hadi 30 waliahidiwa fedha kila baada ya miezi minne endapo vipimo vingeonesha hawana magonjwa fulani ya ngono yanayotibika. Waliopangiwa shilingi 20,000 kila mara walionekana na maambukizi machache baada ya mwaka mmoja, lakini waliopangiwa shilingi 10,000 hawakutofautiana na wasiopewa kitu.

Matokeo haya hayafanani kila mahali, na itakuwa kosa kuyageuza kuwa kanuni ya jumla. Utafiti mwingine mkubwa wa Afrika Kusini haukuona fedha za masharti zikipunguza maambukizi, ingawa ulionesha kwamba msichana aliyehudhuria shule, awe amepewa fedha au la, alikuwa na hatari ndogo zaidi. Nchini Botswana kila mwaka mmoja wa ziada wa sekondari ulihusishwa na kupungua kwa hatari ya kuambukizwa kwa pointi 8.1 za asilimia. Mtu anayeyasoma matokeo haya pamoja hawezi kukosa kuona kwamba yanamwelekeza mchangishaji kwenye mlango wa shule, nao ni mlango ambao jamii za Afrika Mashariki zimezoea kuuchangia tangu zamani, hata pale ambapo neno UKIMWI haliwezi kutamkwa katika mkutano bila watu kuinamisha vichwa.

Kuna jambo moja linalogharimu kidogo mno kiasi kwamba halihitaji mchango wa maana, nalo limesahauliwa isivyostahili. Katika shule 71 kati ya zile za magharibi mwa Kenya, wasichana wa darasa la nane walipewa somo moja la dakika zipatazo 40, lenye filamu fupi na maelezo ya wazi kuhusu viwango vya maambukizi kwa wanaume wa umri mbalimbali, ili waone wenyewe kwamba mwanamume mtu mzima ni hatari zaidi kuliko mvulana wa rika lao. Katika mwaka uliofuata mimba za wasichana hao zilikuwa chache kwa asilimia 28 kuliko katika shule nyingine, na zilizopungua ni zile zilizotokana na wanaume wenye umri mkubwa. Somo hilo halikuwaambia waache ngono. Liliwapa hesabu na kuwaachia uamuzi. Wazee wengi wa mtaa huona ugumu kulikubali, kwa kuwa linamtaja mwanamume mwenye heshima na fedha, ambaye mara nyingine ndiye mgeni rasmi wa harambee yenyewe.

Chombo cha kuchangia tayari kipo, na katika maeneo mengi ya Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi kinakutana kila wiki. Ni kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho Watanzania hukiita kikoba na Wakenya chama, na ambacho kwa namna yake ya sasa kilienezwa kutokana na mfano ulioanzia Niger mwaka 1991. Wanachama, kwa kawaida 15 hadi 30 na wengi wao wanawake, huketi kwa kuzunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili pasiwe na mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Sanduku likifunguliwa, kinachohesabiwa kwanza mara nyingi ni mfuko wa jamii, yaani fungu dogo lililotengwa mbali na hisa na mikopo, ambamo kila mwanachama hutumbukiza kiasi kilekile, shilingi 500 au 1,000, sarafu zikilia ndani ya bakuli huku mhesabu akitaja jumla kwa sauti na wote wakiikariri ili wiki ijayo asitokee wa kubisha. Fedha hizo hazikopeshwi. Katiba ya kikundi hutaja mambo ambayo zinaweza kutumika kwayo, na orodha yake haitofautiani sana kutoka kikundi kimoja hadi kingine: msiba, kulazwa hospitali, kujifungua, nyumba kuungua, mafuriko.

Katika orodha hiyo, kila jambo ni tukio lililokwisha kutokea. Kikundi kinachotaka kuwakinga vijana wake hakihitaji kuanzisha shirika, kusajili jina wala kufungua akaunti mpya. Kinahitaji kuongeza kifungu kimoja kwenye katiba yake, kinachosema kwamba sehemu fulani ya mfuko wa jamii, hata iwe moja ya kumi, itatumika kila muhula kwa sare, taulo za kike na nauli ya kliniki kwa vijana wa kaya za wanachama na wa majirani wasio na uwezo. Kifungu kikishaandikwa, fedha hutoka kwa kanuni, bila kusubiri kilio, na hapo ndipo ugumu uliotajwa mwanzoni mwa sura hii hupungua, kwa sababu mchangiaji haombwi tena kuguswa na jambo asiloliona. Jijini Addis Ababa mabadiliko yanayofanana na hayo yalifanywa na baadhi ya vyama vya mazishi viitwavyo iddir: vifo vya UKIMWI vilipoanza kumaliza akiba zao, wanachama walikubaliana kwamba chama kilichoundwa kuzika kinaweza pia kuwahudumia walio hai, na fedha zao zikaanza kugusa wagonjwa, yatima na elimu ya kinga. Uamuzi wao ulikuwa na hesabu ndani yake pamoja na huruma, kwani chama kinachozika mara kwa mara hakidumu.

Michango mikubwa ya hadhara ina nafasi yake pia. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umeandaa, na baadaye kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, harambee ambayo washiriki wake hupanda Mlima Kilimanjaro au kuuzunguka kwa baiskeli, na fedha zinazopatikana hupelekwa kwa taasisi zinazoshughulika na VVU. Mlima umewapa waandaaji kile ambacho kinga yenyewe haina, yaani kitu kinachoonekana, na pasipo shaka hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya harambee hiyo idumu. Jijini Nairobi chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilichukua njia nyingine: timu za soka zilipata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao, na kuanzia miaka ya 1990 vijana wa chama hicho wakaanza kuwaelimisha wenzao kuhusu UKIMWI. Katika mtaa wa watu wasio na fedha, nguvu kazi ya vijana ni mchango kamili, nao huwafanya wao wenyewe kuwa wachangiaji badala ya kuwa watu wanaochangiwa tu.

Mambo yanayoharibu michango ya namna hii yanajulikana, na yanaumiza kwa sababu mengi hufanywa na watu wenye nia njema. La kwanza ni kumsimamisha kijana anayeishi na VVU mbele ya hadhara ili ushuhuda wake uwalegeze watu mifuko. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu kinga na udhibiti wa UKIMWI inalinda usiri wa hali ya mtu, lakini hata pasipokuwa na sheria, kijana wa miaka 16 aliyekubali kusimama kwa sababu mchungaji au mwalimu amemwomba hajakubali kwa hiari iliyo kamili, na kesho atarudi katika darasa ambalo kila mtu anajua. La pili ni fulana. Kamati nyingi hutumia sehemu ya kwanza ya fedha zao kuchapisha fulana, kofia na bango, kukodi spika na kumlipia mgeni rasmi mafuta ya gari, hadi kinachobaki kwa vijana kinakuwa kidogo kuliko kilichotumika kukipata. Hesabu ya mchango ingesomwa hadharani kama inavyosomwa hesabu ya msiba, kosa hilo lisingerudiwa mwaka wa pili.

La tatu ni gumu zaidi, kwa kuwa linahusu imani. Fedha zikikusanywa kanisani au msikitini, mara nyingi huambatana na sharti, lisemwe au lisisemwe, kwamba zisitumike kumfikisha kijana kwenye kondomu wala dawa kinga, na kamati inayokataa sharti hilo inaweza kukosa ukumbi. Njia ambayo imekuwa na manufaa ni ya kugawana kazi bila kugombana: fedha za nyumba ya ibada zinunue sare, zilipe ada na kuwabakiza wasichana shuleni, jambo ambalo hakuna sheikh wala padri atakayelipinga, na fedha za vikundi vya kuweka na kukopa zilipe nauli ya zahanati bila kuuliza kijana anakwenda kufuata nini huko. Marekebisho ya sheria ya Tanzania yaliyofanyika mwaka 2019 yameirahisisha njia hiyo ya pili, kwa kuwa yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15 na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kipimo kimojawapo cha kujipima hupitishwa kwenye fizi mara moja, kikatumbukizwa ndani ya kichupa na kusomwa baada ya dakika 20, na kikionesha maambukizi ni lazima majibu yathibitishwe kituoni. Hapo tena nauli ndiyo huamua.

Umuhimu wa fungu hili dogo ulidhihirika mwanzoni mwa mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mpango wa PEPFAR, ambao tangu mwaka 2003 ndio uliobeba sehemu kubwa ya mapambano dhidi ya VVU barani Afrika, ukatikiswa ndani ya siku chache. Msamaha uliotolewa baadaye uliruhusu matibabu kuendelea, lakini kwa upande wa dawa kinga uliwataja wajawazito na wanaonyonyesha pekee, na huduma za DREAMS, programu iliyotangazwa mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana balehe na wanawake vijana katika nchi 10, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, zilibaki nje ya msamaha huo. Mfadhili mkubwa kuliko wote alifanya kilekile ambacho kikundi cha kijiji kingefanya: alipobanwa alimhudumia mgonjwa anayeonekana na kumwacha binti mzima asubiri. Kumlaumu ni haki, lakini jamii inayomlaumu ina katiba za vikundi vyake mezani na inaweza kuzifungua wiki hii.

Katika mwaka huohuo ilikuja habari ambayo wachangishaji wa ngazi ya kata wanapaswa kuifuatilia kwa karibu. Dawa ya lenacapavir, inayotolewa kwa sindano mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa nchini Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake wenye umri wa miaka 16 hadi 25, na katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 hakuna hata mmoja kati ya 2,134 waliopangiwa sindano hiyo aliyeambukizwa. Marekani iliiidhinisha Juni 2025, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata, na Septemba ilitangazwa mikataba ya kutengeneza dawa hiyo kwa gharama ya dola 40 kwa mtu kwa mwaka katika nchi 120 kuanzia mwaka 2027. Kwa kamati ya kata bei hiyo si yake kulipa, lakini ratiba ya sindano inabadilisha hesabu zake zote. Kwa mfano wa hesabu tu, wasichana 50 wanaofuata vidonge vya dawa kinga kila baada ya miezi mitatu, kwa nauli ya shilingi 6,000 kwenda na kurudi, wanahitaji shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Wakienda mara mbili, shilingi 600,000 zinatosha, na nusu iliyobaki inaweza kununua sare.

Hesabu hiyo inazua kazi mpya ambayo mhasibu wa kikundi hajawahi kuifanya. Msichana aliyechomwa sindano mwezi Februari anatakiwa kurudi Agosti, akikosa kurudi, kinga yake inapungua, na lazima awepo mtu wa kumkumbusha na kumpa nauli kwa wakati. Lakini daftari la kikundi husomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, ambao ni mama zake, shangazi zake na majirani zake. Kwa hiyo vikundi vitakavyoingia katika kazi hii vitapaswa kukubaliana na zahanati kwamba tarehe na majina yabaki kliniki, muuguzi atoe namba bila jina, na mhasibu alipe nauli kwa namba hiyo na kuiandika hivyohivyo, hata kama wanachama watakaomsikiliza akisoma jumla ya mwezi watapenda sana kujua ni binti wa nani.